Wells: Aliyewasha taa dhidi ya kifua kikuu, dunia ikachelewa kumwelewa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

UKIFIKA Sumbawanga mwezi Juni au Julai, jambo la kwanza utakalolitambua ni baridi. Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaotoka upande wa milima ya Mbizi huwalazimu wakazi wake kufunga madirisha mapema jioni. Yafungwapo madirisha ya nyumba, hufungwa pia ya mabasi, ya madarasa na ya vyumba ambamo wagonjwa husubiri zamu yao ya kumwona daktari.

Huko Dar es Salaam nako madirisha hufungwa, lakini kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Huko ni joto linalowasukuma watu kujifungia ofisini na kuwasha kiyoyozi. Sababu ni mbili zisizofanana, lakini matokeo ni yaleyale: watu wengi hukaa pamoja kwa saa nyingi, wakivuta hewa iliyokwisha kutoka katika mapafu ya wenzao.

Mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza hatari iliyomo katika hali hiyo, na kutafuta dawa yake, ni mhandisi wa afya kutoka Marekani aitwaye William Firth Wells. Alifariki dunia mwaka 1963. Taa za mionzi zinazofungwa leo ndani ya mitambo ya viyoyozi na juu ya kuta za wodi za kifua kikuu katika nchi mbalimbali zina mizizi katika kazi yake. Hata hivyo, kwa miongo mingi jina lake lilifahamika kwa wataalamu wachache tu, hadi janga la UVIKO-19 lilipoilazimisha dunia kuyafungua upya maandiko yake.

Maji, chaza na maziwa

Wells alizaliwa katika miaka ya 1880 na kupata elimu yake katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, wakati ambapo fani ya afya ya jamii ilikuwa bado changa nchini Marekani. Walimu wa kizazi chake walikuwa wamejenga heshima yao juu ya jambo moja kubwa: kuthibitisha kwamba maji machafu huua, na kwamba yakisafishwa magonjwa kama homa ya matumbo hupungua. Kijana huyo alijifunza hapo somo ambalo hakulisahau, kwamba wakati mwingine njia bora ya kumkinga mtu na maradhi ni kusafisha kile anachokitumia kabla hakijamfikia.

Kazi zake za mwanzo zilihusu maji na viumbe wa baharini. Akiwa mtumishi wa Jimbo la New York, alijishughulisha na chaza, ambao walikuwa chakula kipendwacho katika miji ya pwani lakini pia chanzo cha maradhi pale walipovuliwa katika maji yenye kinyesi. Wells alitafuta namna ya kuwasafisha, na vilevile akafanikiwa kuwakuza kutoka mayai. Ili asiwapoteze watoto wa chaza wasioonekana kwa macho kila alipobadilisha maji, alitumia mashine izungukayo kwa kasi, ya jamii ile itumikayo kutenganisha krimu na maziwa.

Mwaka 1917 alimwoa Mildred Weeks, mwanamke aliyekuwa daktari katika zama ambazo wanawake madaktari walikuwa wachache mno. Ndoa hiyo ilikuwa pia ushirikiano wa kazi. Mume alikuwa na kipaji cha kubuni vyombo na kupima. Mke alikuwa na jicho la kufuatilia jinsi magonjwa yanavyosambaa miongoni mwa watu. Bila Mildred, sehemu kubwa ya yale yanayohesabiwa kuwa mafanikio ya Wells isingekuwepo.

Kutoka maji hadi hewa

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Wells alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard akiwa mwalimu wa masuala ya usafi wa mazingira. Miongoni mwa mambo aliyoyachunguza ni hewa ya viwanda vya nguo vya Massachusetts. Katika viwanda hivyo, hewa ilitiwa unyevu kwa kurushiwa maji ili nyuzi zisikatike, na maji yaliyotumika hayakuwa safi sikuzote. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba mtambo uliowekwa kurekebisha hali ya hewa ndio uliokuwa ukitawanya vijidudu.

Ili kujua ni vijidudu gani vimo hewani, Wells alibuni chombo kilichonyonya hewa na kuizungusha kwa kasi hadi bakteria wakagandamana kwenye ukuta wa chupa, ambapo wangeweza kukuzwa na kuhesabiwa. Ni wazo lilelile la mashine ya maziwa, sasa likihamishiwa kwenye hewa.

Wakati huo, madaktari wengi waliamini kwamba magonjwa ya kifua huambukizwa kwa matone makubwa ya mate na makohozi yanayoruka mtu anapokohoa, na kwamba matone hayo huanguka chini karibu na mgonjwa. Aliyekaa mbali kidogo alihesabiwa kuwa salama. Dhana kwamba hewa yenyewe inaweza kubeba maradhi kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine ilionekana kuwa masalia ya imani za kale kuhusu hewa mbaya.

Mwaka 1934 Wells alichapisha hesabu zilizoitikisa imani hiyo. Alionyesha kwamba tone linapotoka kinywani huanza mashindano mawili kwa wakati mmoja: linaanguka, na linakauka. Tone kubwa, lenye upana unaozidi takribani mikromita 100, huwahi kufika chini likiwa bado bichi. Tone dogo hukauka kabla halijafika, na kinachobaki ni punje ndogo mno yenye chumvi, ute na pengine kimelea kilicho hai. Punje hiyo haianguki upesi. Huelea kwa muda mrefu, ikifuata mkondo wa hewa popote uendapo. Punje hizo Wells aliziita viini vya matone.

Uzito wa hoja hiyo ulikuwa mkubwa. Ikiwa maradhi yanaelea, basi umbali wa hatua mbili au tatu hautoshi. Kinachotakiwa ni kuibadilisha hewa, au kuisafisha.

Silaha ya mwanga

Wells hakuwa wa kwanza kujua kwamba mwanga huua vijidudu. Waingereza wawili, Downes na Blunt, walikwisha kuonyesha mwaka 1877 kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kukua. Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza ugunduzi wa kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882, na ambaye baadaye alifanya utafiti katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, alitambua kwamba kimelea hicho hakivumilii jua. Naye Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga.

Sehemu ya mwanga inayofanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi haionekani kwa macho. Ni mionzi ya urujuanimno, ile ambayo mafundi huifupisha kwa herufi UV. Taa ya mvuke wa zebaki hutoa kwa wingi mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, kiwango ambacho huharibu chembe za urithi za kimelea hata kisiweze kuzaana. Mionzi ya jua ya kiwango hicho haifiki ardhini kwa kuwa huzuiwa na tabaka la ozoni, ndiyo maana vijidudu havina kinga kubwa dhidi yake.

Jambo jipya alilolileta Wells lilikuwa kuipeleka silaha hiyo hewani. Mwaka 1935, yeye na mwenzake Gordon Fair walionyesha kwamba bakteria wanaoelea hufa upesi wanapopitishwa mbele ya mionzi hiyo. Mwaka uliofuata alifanya hivyo kwa virusi vya mafua.

Lakini mafanikio hayo hayakumletea amani kazini. Ulizuka mvutano kati yake na wakubwa wake kuhusu nani anastahili sifa za kazi hiyo. Wells hakuwa mtu mwepesi kuishi naye: alizungumza bila kuchoka juu ya mambo yake, aliandika kwa lugha nzito, na hakujua kuwabembeleza wenye vyeo. Mwaka 1937 aliondoka Harvard na kuhamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Surua yampa ushindi, kisha yampokonya

Huko Pennsylvania, Wells na Mildred walipata nafasi ya kuijaribu taa hiyo kwa watu. Katika shule za Germantown na Swarthmore, taa ziliwekwa juu ya vichwa vya wanafunzi zikielekezwa darini, ili mionzi isiwapige watoto machoni. Hewa ya joto iliyotoka kwa watoto ilipanda, ikapita kwenye mionzi, kisha ikashuka ikiwa imesafishwa.

Mzee yeyote wa Kifipa aliyewahi kusimuliwa habari za malungu hawezi kuushangaa mpango huo. Wahunzi wa Ufipa walijenga matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, ambayo hayakuhitaji mivuo: joto lilipanda lenyewe, likavuta hewa mpya kupitia matundu ya chini. Ni kanuni ileile. Hewa yenye joto hupanda, ile yenye ubaridi huchukua nafasi yake, na anayeijua njia yake anaweza kuitumia bila kuilazimisha.

Mwaka 1941 ukaja mlipuko mkubwa wa surua. Katika madarasa yasiyokuwa na taa, zaidi ya nusu ya watoto ambao hawakuwahi kuugua waliambukizwa. Katika madarasa yenye taa, waliougua walikuwa kama 13 katika kila 100. Kwa Wells huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwamba surua husafiri kwa hewa na kwamba hewa inaweza kusafishwa kama maji.

Furaha hiyo haikudumu. Watafiti wengine walijaribu kurudia jaribio hilo katika shule nyingine za Marekani na Uingereza, na matokeo yao hayakuwa ya kuvutia. Sababu moja inaeleweka: mtoto aliyekingwa darasani alipanda basi moja na wenzake, akacheza nao na kukutana nao mitaani. Taa iliyo darasani haiwezi kumlinda mtu mahali isipokuwapo. Pamoja na hayo, wakosoaji walihitimisha kwamba wazo lenyewe lilikuwa dhaifu. Dawa za kutibu kifua kikuu zilipopatikana, kuanzia streptomisini katika miaka ya 1940 hadi isoniazidi mwaka 1952, hamu ya kuhangaika na hewa ilipungua zaidi.

Wells aliendelea. Akishirikiana na watafiti wenzake, alionyesha kwa majaribio ya sungura kwamba punje ndogo zenye kimelea kimoja hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuanzisha ugonjwa, huku chembe kubwa zikinasa njiani bila kuleta madhara kama hayo. Mwaka 1955 alikusanya fikra zake zote katika kitabu kuhusu maambukizi ya hewani na usafi wa hewa. Kilikuwa kitabu kigumu kusoma, na waliokisoma hawakuwa wengi.

Simbilisi wa Baltimore

Ni mwanafunzi wake wa zamani aliyemwokoa asisahaulike. Richard Riley, aliyesoma kwa Wells huko Harvard na baadaye kuwa daktari wa mapafu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alimsaidia kupata mahali pa kufanyia jaribio alilokuwa akiliwaza kwa miaka mingi. Mahali hapo palikuwa hospitali ya askari wastaafu mjini Baltimore.

Ilitayarishwa wodi ndogo ya vyumba sita vya wagonjwa wa kifua kikuu. Hewa yote iliyotoka katika vyumba hivyo ilipitishwa kwenye mabomba hadi juu ya paa, ambako palikuwa na vizimba vya simbilisi zaidi ya 100. Wanyama hao huambukizwa kifua kikuu kwa urahisi mkubwa. Hawakumwona mgonjwa, hawakuguswa naye wala kula mabaki yake. Walichoshiriki naye ni hewa tu.

Mwaka 1956, wakati Padre na wakristo wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, walipokuwa wakimzika Dk. Adrian Atiman, mganga aliyewatumikia watu wa huko tangu 1889 na ambaye jina lake limepewa hospitali hapa Sumbawanga, Wells naye alikuwa mzee aliyekuwa akiianza kazi yake kubwa ya mwisho. Majaribio ya Baltimore yaliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Katika miaka miwili ya kwanza, simbilisi 71 waliambukizwa, wastani wa watatu hivi kwa mwezi. Vimelea vilivyopatikana kwa baadhi ya wanyama vililinganishwa na vya wagonjwa waliokuwa wodini, na usugu wao kwa dawa ukafanana. Ilidhihirika pia kwamba wagonjwa hawakuwa sawa: wachache waliambukiza wanyama wengi, na wengi hawakuambukiza hata mmoja.

Wakosoaji walidai huenda simbilisi waliupata ugonjwa kwa chakula au maji. Ndipo likaja jibu lililohitimisha ubishi. Wanyama waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipelekewa hewa ya wodi kama ilivyo. Kundi la pili lilipelekewa hewa ileile, lakini kwanza ikipitishwa mbele ya taa za UV zilizofungwa ndani ya bomba la hewa. Katika kundi la kwanza maambukizi yaliendelea kama kawaida. Katika kundi la pili hakuambukizwa hata simbilisi mmoja.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1962. Mwaka uliofuata Wells alifariki dunia. Mildred alikuwa amekwisha kumtangulia.

Dunia yarudi kwenye maandiko yake

Riley aliendeleza kazi ya mwalimu wake. Mwaka 1978 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa mlipuko wa surua katika shule moja ya msingi jimboni New York. Msichana mmoja tu aliwaambukiza wanafunzi 28 waliokuwa katika madarasa 14 tofauti. Wengi wao hawakuwahi kukaa naye chumba kimoja. Kiungo kati yao kilikuwa mtambo wa hewa wa shule, uliovuta hewa ya madarasa yote, kuichanganya na kuirudisha. Kanuni ya hesabu iliyotokana na kazi hiyo huitwa hadi leo kwa majina ya wawili hao, Wells na Riley.

Ushahidi mwingine umetoka katika nchi zinazofanana zaidi na yetu. Huko Lima, Peru, watafiti walirudia jaribio la simbilisi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009: asilimia 35 ya wanyama waliovuta hewa isiyosafishwa waliambukizwa, ikilinganishwa na asilimia 9.5 pale taa za UV zilipowashwa sehemu ya juu ya wodi. Nchini Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba taa za aina hiyo, zikiwa na feni za kuchanganya hewa, zilipunguza maambukizi kwa takribani asilimia 80. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziweka taa hizo katika mwongozo wake wa kuzuia kifua kikuu kwenye vituo vya afya.

Kisha ikaja UVIKO-19. Mwezi Machi 2020, WHO ilitangaza kwamba ugonjwa huo hauenezwi kwa hewa, na dunia ikaambiwa kunawa mikono na kuachiana nafasi. Wanasayansi waliopinga msimamo huo walirudi hadi kwenye hesabu za Wells za mwaka 1934, na wakagundua kwamba vitabu vya tiba vilikuwa vimechanganya mambo: kipimo cha mikromita 5, kinachohusu punje zinazofika ndani kabisa ya mapafu, kilikuwa kimechukuliwa kuwa mpaka kati ya tone linaloelea na linaloanguka, badala ya mikromita 100 alizozitaja Wells. Mwaka 2021 WHO ilikubali kwamba virusi hivyo husafiri pia hewani, na mwaka 2024 ikatoa istilahi mpya za magonjwa yaenezwayo kwa njia ya hewa. Zilikuwa zimepita takribani miaka 90.

Taa si pambo

Maisha ya Wells yanatuachia pia fundisho la kiufundi, nalo linawahusu moja kwa moja wenye ofisi, hoteli na hospitali.

Kwanza, kiyoyozi cha ukutani kilichozoeleka katika ofisi zetu hakileti hewa mpya kutoka nje. Huvuta hewa ya chumba, huipoza na kuirudisha. Chumba chenye ubaridi mzuri kinaweza kuwa na hewa chafu kuliko kibanda chenye madirisha wazi.

Pili, si kila taa ya UV hufanya kazi moja. Ile inayofungwa karibu na koili ya kiyoyozi huzuia ukungu na utando usiote mahali penye unyevunyevu, kwa kuwa humulika pale pale usiku na mchana. Kuua vimelea vilivyo katika hewa inayopita ni kazi ngumu zaidi, maana hewa hukaa mbele ya taa kwa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya sekunde moja. Hapo huhitajika taa zenye nguvu ya kutosha na kuta zinazoakisi mionzi, kama za alumini. Aidha, taa iliyomo ndani ya bomba haimsaidii mtu aliyekaa kiti kimoja na anayekohoa. Kwa chumba cha kusubiria wagonjwa, taa iliyowekwa juu ya kimo cha watu, pamoja na feni iendayo polepole, hufaa zaidi.

Tatu, taa hizo zinahitaji matunzo. Taa nyingi za zebaki hutumika kwa saa zipatazo 9,000, yaani mwaka mmoja hivi zikiwashwa mfululizo. Baada ya hapo huendelea kutoa mwanga wa rangi ya samawati huku nguvu ya kuua ikiwa imeshuka, na mtazamaji hawezi kulijua hilo kwa macho. Lazima mionzi ipimwe kwa kifaa maalumu, tarehe ya kufungwa iandikwe, na taa mpya iwekwe kwa wakati. Vumbi huzuia mionzi, hivyo taa hufutwa kwa spiriti ikiwa imezimwa na kupoa, na fundi akiwa amevaa glavu. Unyevu mwingi wa hewa, kama ule wa pwani, nao hupunguza makali yake.

Nne, mionzi hiyo huchoma. Anayeitazama hata kwa muda mfupi anaweza kupata maumivu ya macho, kama yale yampatayo fundi wa kuchomelea vyuma asiyevaa miwani, na ngozi yake ikababuka. Mlango wa mtambo wenye taa unapaswa kuwa na swichi inayozima taa mara unapofunguliwa. Nayo taa iliyokwisha isivunjwe wala kutupwa jalalani, kwa kuwa ina zebaki.

Mwisho, taa ni umeme. Kwa Sumbawanga, mji ambao kwa miaka mingi umetegemea umeme kutoka Zambia, hilo si jambo dogo. Umeme unapokatika, taa na feni huzimika pamoja, lakini kikohozi hakikatiki. Ndiyo maana wataalamu huitaja taa baada ya mambo mengine: kumtambua mgonjwa mapema, kumwanzishia dawa na kuingiza hewa ya kutosha. Utafiti mwingine wa Lima, wa mwaka 2007, ulionyesha kwamba majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yalibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vilivyotegemea mitambo.

Tanzania ina historia yake yenye heshima katika vita hivi. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro ilianza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926. Mpango wa Taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa daktari Karel Styblo, uliipa dunia mfano wa tiba ya uangalizi wa karibu ulioigwa na nchi nyingi. Kazi hiyo ilijengwa juu ya kumtafuta na kumponya mgonjwa. Kazi ya Wells ilihusu yule ambaye bado hajaugua: muuguzi wa zamu ya usiku, mama aliyempeleka mtoto kliniki, karani aliye chini ya kiyoyozi.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Zamani, kikohozi kilichomhama baba kikamwingia mwana, kisha jirani, kilitosha kuzusha tuhuma katika kijiji kizima, kwa kuwa hakuna aliyeona njia kilimopita. Wells aliipima njia hiyo na kuionyesha. Wakazi wa Ufipa na wa miji mingine yenye madirisha yaliyofungwa hawahitaji kusubiri taa ili kulifanyia kazi fundisho lake. Dirisha moja likifunguliwa upande huu na jingine upande wa pili, hewa itapita, hata kama ni Julai. Na yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi afike kituo cha afya kupimwa makohozi, kwani kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.